Mzigo wa Safari ya Kutwa: Nani Analipia Nisichobeba?

Kila anayefunga mzigo wa safari anajibu swali la maadili, hata kama hajajiuliza. Nikibeba pampu, nimeamua kwamba tairi langu likipata pancha nitalishughulikia mwenyewe. Nikiacha maji nyumbani, nimeamua kwamba mtu fulani njiani, ambaye sijamwomba bado, atanipa yake. Katika insha hii ninajadili swali hili: katika maandalizi ya safari ya siku moja kwa baiskeli, msafiri anawajibika kubeba nini, na ana haki ya kutegemea nini kutoka kwa wengine? Mfano wangu ni safari ambayo mimi na wenzangu watatu tuliifanya wakati wa likizo, kutoka Juru hadi Kabingo, makao makuu ya wilaya ya Isingiro, na kurudi siku hiyohiyo.

Kwa msomaji asiyeijua Juru, ni mojawapo ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Nyingine ni Base Camp na Rubondo. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958, na leo yana watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Barabara zake nyingi ni za vumbi, zenye vilima vya kupanda na kushuka. Baiskeli zetu ni zile nyeusi, nzito, zisizo na gia za kubadilisha. Si vyombo vya michezo. Hubeba madumu ya maji, mikungu ya matoke na magunia ya mahindi. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, mwaka mzima. Msafiri wa kutwa ana saa kumi na mbili za mwanga, hawezi kuongeza hata moja.

Jioni ya kuamkia safari tulibishana juu ya mzigo, na ubishi ule ulikuwa na pande mbili.

Upande wa kwanza ulisema: beba kila kitu, usimsumbue mtu. Neno kujitegemea linasikika sana Nakivale. Familia hupewa kipande cha ardhi ili ilime na kujilisha, na mtu anayeomba omba hupoteza heshima haraka. Hoja hii ina nguvu, kwa sababu kuna sehemu za njia ambako huwezi kumpata fundi wala duka. Hata hivyo ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, kila kilo unayoifunga kwenye keria utaipandisha kila kilima, na msafiri aliyechoka ndiye anayechelewa hadi giza. Pili, nyuma ya hoja hii kuna dhana kwamba watu wa njiani ni hatari tu, kwamba kuwahitaji ni aibu.

Upande wa pili ulisema: beba kidogo, watu wapo. Mwenzetu mmoja anayesoma falsafa alimtaja Diogenes wa Ugiriki ya kale. Inasimuliwa kwamba alimwona mtoto akinywa maji kwa viganja, naye akakitupa kikombe chake kwa kuona kwamba mtoto amemshinda kwa kuishi na vichache. Ni kisa kizuri, lakini hakitufai sana Juru. Diogenes alitupa kikombe chenye faida kwake peke yake, na aliyebaki bila kikombe alikuwa yeye. Sisi tukiacha dumu la maji, atakayelipa ni mwingine. Wakati wa kiangazi, maji yaliyo ndani ya nyumba ya mtu yana saa za foleni ndani yake, na mara nyingi aliyepanga foleni ni msichana wa nyumba hiyo. Anayebisha hodi na kuomba kikombe anaomba sehemu ya kazi ya msichana yule. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiwa kichwani kwa mwingine, huuhisi uzito wake.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alimjadili mtu mwenye mali anayesema kwamba shida za wengine hazimhusu. Alisema mtu huyo hawezi kutaka kanuni yake iwe sheria ya wote, kwa sababu siku moja naye atahitaji msaada. Nadhani hoja hii inaweza kugeuzwa upande wa pili pia. Msafiri anayetoka mikono mitupu akitumaini wengine hawezi kutaka kila msafiri afanye hivyo. Wote wakitoka hivyo, barabara nzima itakuwa na waombaji wanne wanne, bila mtu wa kuwapa.

Kutokana na pande hizi mbili ninapendekeza kanuni moja: beba kwanza kile ambacho ukikikosa, atakayeumia ni mwingine. Kile ambacho ukikikosa utaumia wewe tu, amua kwa kuzingatia uzito wake.

Kanuni hii ilitusaidia kupanga mzigo. Breki zilikuja kwanza. Breki mbovu haziingii mfukoni, lakini kuzikagua ni sehemu ya kufunga mzigo, kwa kuwa kwenye mteremko anayezilipia anaweza kuwa mtoto anayevuka na mbuzi zake. Kisha maji ya kunywa, yaliyochemshwa usiku. Kisha viraka, solusheni, spana, pampu, na vyuma viwili bapa vya kung'olea tairi. Kisha vitambulisho na simu yenye chaji, maana mtu asiyepatikana jioni huwafanya watu wa nyumbani watoke gizani kumtafuta. Nguo za kubadilisha tuliziacha. Chakula tulibeba kidogo tu, viazi vitamu na karanga. Njiani kuna wauzaji wa chapati na mahindi ya kuchoma, na kununua kwao si kumsumbua mtu. Kwa hiyo si kila kutegemea ni kuelemea. Kuna kutegemea kunakomfaa pia anayetegemewa.

Pampu ilileta swali jingine. Je, kila mmoja abebe yake? Tuliamua moja inatosha, na aliyeibeba alipewa sharti: awe wa mwisho siku nzima. Akitangulia, aliye nyuma akipata pancha atabaki peke yake, na pampu iko kilima cha mbele. Mzigo wa pamoja hupunguza uzito, lakini humfunga anayeubeba kwa wenzake. Yule wetu ndiye mwenye miguu yenye nguvu kuliko wote, na siku ile aliendesha polepole kuliko wote. Nguvu zake nazo zikawa mali ya kundi.

Lakini sehemu kubwa ya maandalizi haikuhusu tulichobeba. Ilihusu tulichokiondoa nyumbani. Baiskeli niliyoichukua ni ya familia, na ni moja. Nilipoomba ruhusa, mama aliniambia, "Mtoto wangu, ukichukua kinga umechukua miguu yangu." Kinga ndilo jina ambalo sisi tuliotoka Kongo huipa baiskeli. Kwa hiyo nilijaza madumu yote siku iliyotangulia, nikapeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, ndipo nikaanza kufunga mzigo wangu. Nisingefanya hivyo, mama angebeba maji kichwani ili mimi niione Kabingo, na hesabu ya mzigo wangu mwepesi ingekuwa ya uongo.

Kuna pingamizi zito. Mtu anaweza kuuliza: unazungumzaje juu ya wajibu wa kufunga mzigo katika makazi yaliyojaa watu waliokimbia bila kufunga chochote? Wazazi wetu wengi walipata dakika chache, wakashika mtoto na sufuria. Je, kanuni yako inawahukumu? Nasema hapana. Wajibu wa kujiandaa hutegemea muda na uwezo ulionao. Sisi tulikuwa na jioni nzima, tulijua tunakokwenda, na tulijua tutarudi kulala nyumbani. Aliyekimbia hakuwa na hata kimoja cha hivi, kwa hiyo ana haki ya kuwategemea wengine kikamilifu. Ninavyoona mimi, ndiyo sababu aliyeweza kujiandaa asichote bure kwenye wema wa watu: unatakiwa ubaki kwa ajili ya yule ambaye hakuweza.

Pia, mzigo uliofungwa vizuri huwa na nafasi ya mtu usiyemjua. Wakati wa kurudi tulimkuta mwanaume mmoja akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya matoke, tairi la nyuma limekwisha upepo. Viraka vyetu viwili viliishia kwake. Hatukuvibeba kwa ajili yake, lakini kama tungeviacha ili tuwe wepesi, naye angelipia wepesi wetu.

Nahitimisha kwamba kujiandaa si kutowaamini watu, na kuwaamini watu si sababu ya kutoka mikono mitupu. Msafiri mwadilifu huuliza mambo matatu kabla ya kufunga kamba kwenye keria: nani atalipia nisichobeba, nani atalipia ninachokiondoa nyumbani, na nimebakiza nini kwa atakayekwama. Uzito wa mzigo wenyewe hupimwa baada ya hapo.