Dhamana ya Nani?

Husemwa cheo ni dhamana. Sawa, lakini aliyeiweka dhamana ni nani, na siku akiidai atamwendea nani?

Petta, na Padhola yote, mashariki mwa Uganda, haikuwa na mfalme. Koo zilikuwa na wazee wao, na mwishoni mwa karne ya 19 Majanga, kuhani wa ibada ya Bura, alisikilizwa kuliko wote. Alisikilizwa na walioamini. Hakuna ofisi ya mbali ambayo ingeweza kumvua ukuhani kwa barua.

Semei Kakungulu alikuwa mtu wa namna nyingine. Alitoka Koki, akapata jina Buganda, na Aprili 1899 akashiriki kuwakamata wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Waingereza wakamwachia Bukedi, eneo hilohilo la mashariki: akajenga ngome, akapanda migomba, akatoza kodi, akaweka mawakala wa Kiganda juu ya watu wasiowajua. Aliamini Harry Johnston, kamishna wa Kiingereza, amemkubalia ukabaka, yaani ufalme, wa huko. Mwaka 1902 akaondolewa kwenye ngome yake ya Budaka, akabaki na maili 20 za mraba Mbale.

Mwingereza Walter Raleigh angemwelewa. Mwaka 1584 Malkia Elizabeth wa Kwanza alimpa hati ya kutwaa nchi za ng'ambo, kana kwamba hazina wenyewe. Malkia akafa, Mfalme James akaingia, na Raleigh akatupwa gerezani. Mwaka 1618 akakatwa kichwa. Mfalme huyohuyo, mwaka 1611, alianza kuuza cheo cha ubaroneti kwa pauni 1,095. Wengi waliona aibu. Mimi naona James alikuwa mkweli kuliko waliomtangulia: cheo cha Raleigh nacho kilikuwa na bei, ila haikutajwa mapema.

Basi je, cheo cha kupewa ni kivuli tu? Kwa mwenye nacho, labda. Kinaondoka na aliyekitoa. Kwa aliye chini yake si kivuli hata kidogo. Mkulima aliyeswagwa kwenda kuchimba barabara alikihisi mgongoni. Tena wakala asiye na uhakika wa kesho ndiye mkali zaidi, maana anayetakiwa kuridhishwa yuko juu, naye huhesabu kodi, hahesabu malalamiko.

Uzeeni Kakungulu aliwapa kisogo Waingereza, akaanzisha jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya karibu na Mbale. Wengine humwonea huruma kwa taji alilokosa. Huruma yangu ni ndogo: ukabaka aliodai kwa Johnston, watu wa Bukedi hawakuwahi kuulizwa kama wanaukubali.