Akiba ya Sahani ya Nani?

Gharama ya chakula ikipungua nyumbani kwako, je, umewahi kuuliza ni nani aliyeibeba?

Wakati mmoja nilimsifu sana mke wangu kwa kubana matumizi. Jioni moja nikamwona akiwapakulia watoto, akaniwekea na mimi, kisha yeye akakwangua sufuria. Nami mchana nilikuwa nimekula nyama choma na marafiki. Niliona haya.

Kubana matumizi ni wema. Nunueni mahindi kwa gorogoro wakati wa mavuno, myakaushe vizuri na kuyasagisha. Sukari na mafuta ya kupimiwa kidogo kidogo huwa ghali kuliko ya kununua kwa pamoja. Pandeni sukuma wiki hata kwenye gunia. Lakini akiba inayotoka katika sahani ya mmoja si akiba, ni deni.

Basi, mume na mke, mwisho wa mwezi ketini pamoja na kuweka pesa zote mezani. Punguzeni kwanza kile kinacholiwa nje kwa siri. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni cha nyumba nzima.