Maji ya Asha

Mkazi wa Moshi, mawingu yanapomruhusu, huinua macho asubuhi akaiona Kibo na barafu yake, ambayo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Maangamizi hayo ni ya polepole, hayana kishindo. Filamu kubwa za bunilizi ya kisayansi hazimsaidii kuyaelewa: humo miji huporomoka kwa dakika tatu, maelfu hufa pasi na mtu kuwahesabu, kisha shujaa mmoja huyatengeneza mambo, na mtazamaji akarudi nyumbani hana deni.

Pumzi, filamu ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, haifiki hata nusu saa. Yaonyesha Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu huishi ndani ya kuta, hawaneni kwa vinywa vyao, na jasho na mkojo wao husafishwa wakaunywa tena. Asha, mhifadhi wa makumbusho, apata udongo wenye uhai, aufukia mbegu, nayo yachipua. Wakubwa wamkataza kutoka. Atoroka, aingia jangwani na maji haba. Je, anywe yeye au aunyweshe mche?

Swali hilo si geni miteremkoni mwa Kilimanjaro. Wachagga walichimba mfongo, mifereji inayoyashusha maji ya mlimani hadi migombani, na maji hayo hugawiwa kwa zamu. Afunguaye mfereji usiku nje ya zamu yake hakuiangamiza dunia. Amemkaushia jirani wa chini, ambaye amjua kwa jina. Dhambi nyingi za wanadamu zina ukubwa huo, na filamu ndogo ndiyo yenye kipimo chake.

Avatar, ya mwaka huohuo, iliyogharimu zaidi ya dola milioni 200, nayo yaulilia msitu, isidhulumiwe. Ila yaulilia kwa zaidi ya saa mbili na nusu, tena msitu wa mbali na dunia hii, na uzuri wake huyashibisha macho hata swali likasinzia.

Msomaji wa mashairi hatalistaajabia hilo. Mtunzi mwenye mizani 16 kwa mshororo hana pa kulificha neno lisilo kazi. Kahiu naye ana vumbi, jua, kitambaa na mwanamke aliyechoka. Asha aumiminia mche maji yake ya mwisho, auongezea jasho lake, kisha ajilaza kando yake auwekee kivuli. Hakuna amwonaye.