Uliza Kwanza, Sarufi Itakukuta Njiani

Kama unaishi Moshi, Arusha au Zanzibar na riziki yako inatokana na wageni, hili unalijua: mwongoza watalii anayekimudu Kihispania ni mtu wa kutafutwa. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, na mojawapo, Guinea ya Ikweta, iko hapa hapa Afrika. Nataka uanze leo. Weka kando jedwali la vitenzi, uanze na kuuliza.

Anayeuliza ndiye anayeshika usukani wa mazungumzo. Ukiwa na qué (nini), quién (nani), dónde (wapi), cuándo (lini), cómo (vipi), cuál (ipi), cuánto (kiasi gani) na por qué (kwa nini), unaweza kukaa na mgeni garini kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro hadi Moshi mjini, yeye akieleza, wewe ukisikiliza na kuokota maneno mapya kila baada ya kilomita chache.

Tena wewe mwenye Kiswahili huanzi na mikono mitupu! Tunasema "Unataka nini?" Maneno mawili, na mtendaji amekaa ndani ya kitenzi. Kihispania kinasema ¿Qué quieres? Maneno mawili, na mtendaji yumo mle mle ndani ya kitenzi. Kilichobadilika ni kwamba neno la kuulizia limekuja mbele. Wengi wetu tunapitia kwanza kwenye Kiingereza, tunatafuta vitenzi visaidizi ambavyo Kihispania hakivihitaji, tunachoka, tunaacha. Usipite huko. Toka kwenye Kiswahili uingie Kihispania moja kwa moja.

Halafu kuna cuánto, na hapa ndipo napenda kuwaona Waswahili wakijiamini. Watu wangapi, vikombe vingapi, miti mingapi, siku ngapi: unabadilisha kiambishi bila hata kufikiri. Kihispania nacho kinapatanisha, ila kina jinsi mbili tu, ya kiume na ya kike, umoja na wingi. ¿Cuánto dinero? Pesa kiasi gani. ¿Cuánta agua? Maji kiasi gani. ¿Cuántos días? Siku ngapi. ¿Cuántas personas? Watu wangapi. Sura nne basi! Uliyezimudu ngeli zote za Kiswahili, sura nne zitakushindaje?

Mitego ipo, lakini inahesabika. Sisi huuliza "Jina lako nani?" Ukilipeleka hivyo hivyo kwa quién, mgeni atakushangaa. Yeye husema ¿Cómo te llamas?, ambayo ni "Unaitwaje?" yetu kabisa. Kwa mzee au mtu wa heshima, sema ¿Cómo se llama usted? "Wapi" yetu nayo inatosha popote, kwa sababu kitenzi kinabeba mwelekeo. Kwao kijineno kinatangulia: ¿De dónde es usted? ni kuuliza atokako, ¿Adónde vamos? ni kuuliza tuendako.

Mtego wa kukaziwa macho ni por qué. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo utajikuta unasema POR-que, ambayo ni "kwa sababu." Unadhani umeuliza, kumbe umejibu. Kaza mwishoni: por QUÉ. Liseme kwa sauti ukiwa unaosha vyombo au ukitembea kwenda kituoni, mpaka likae. Irabu zenyewe hazitakusumbua, ni zile zile tano zetu.

Kwenye maandishi, maneno haya yote ya kuulizia hubeba alama ya mkazo, na swali hufunguliwa kwa alama ya kuulizia iliyopinduliwa, kanuni iliyowekwa na akademia ya lugha ya Hispania, Real Academia Española, mwaka 1754. Macho yako yatazoea haraka.

Na usiogope kutoelewa jibu. Mgeni akisema kwa kasi ukaachwa, uliza ¿Cómo? Neno hilo hilo la "vipi" hutumika pia kumwomba mtu arudie. Atarudia, polepole zaidi, na mara hii utadaka maneno mawili. Kesho manne.

Kwa hiyo jioni hii andika maswali matano utakayoyatumia kweli kwenye kazi yako, kwa mfano: saa ngapi tunaondoka, ¿A qué hora salimos?; mko wangapi, ¿Cuántos son?; unapendelea kipi, ¿Cuál prefiere? Kesho mwulize mtu halisi, hata kama sauti inatetemeka. Ukishauliza cuánto, jibu litakuja kwa namba, na namba kuanzia uno (moja) hadi cien (mia) ndiyo kazi yako ya wiki ijayo.