Mtego na Tata

Kila chombo cha kunasia kina dhana yake kuhusu kiumbe anayewindwa. Rima, lile shimo linalochimbwa njiani na kufunikwa matawi, linategemea mazoea: mnyama atapita leo alipopita jana. Ulimbo, utomvu unaopakwa kijitini, unategemea haja ya ndege ya kutua. Tanzi ni katili zaidi, kwa kuwa linatumia nguvu za mnaswa mwenyewe. Kadiri anavyojivuta ndivyo linavyomkaza. Aliyetega si lazima awepo. Amekwisha kumsoma mwindwa wake, amejua atataka nini na ataogopa nini, akaenda zake nyumbani kulala.

Ndiyo maana naona ni kosa kuyachukua maneno haya kama visawe vya kubadilishana tu. Yote huitwa mitego, sawa, lakini kila moja linajibu kwa namna yake swali zito: mtu hupotezaje uhuru wake?

Jibu linalonishughulisha zaidi ni la dema. Wavuvi wa mwambao hulisuka kwa fito au mianzi, wakaliacha na mlango mpana kwa nje unaopungua kuelekea ndani. Ndani huwekwa chambo, kwa mfano mwani kwa ajili ya tasi. Samaki huingia kwa hiari yake, akifuata chakula. Mlango haufungwi nyuma yake. Unabaki wazi usiku kucha, naye huzunguka akigusa kuta, kwa sababu ule upana uliomwongoza kuingia umekuwa, kwa upande wa ndani, tundu dogo lililo katikati ya maji, mahali asipozoea kupatafuta. Anayemtazama kutoka juu angeuliza: mbona hatoki? Dema linatufundisha kwamba mlango ulio wazi hautoshi kumfanya aliye ndani awe huru, na kwamba kuingia kwa hiari hakumwondolei mtegaji dhamana yake.

Mbali na ukoo huu wa mitego kuna neno jingine, tata. Uzi hutatana, nyuzi za mshipi hutatana, kesi huwa tata, na kutoka hapo tumepata utata na tatizo. Tata haina mtegaji. Hakuna aliyekaa akapanga uzi ujifunge pale. Huenda mikono mingi imeugusa, kila mmoja kwa shughuli yake halali, hadi pakawa na fundo lisilo na mwenyewe. Mtego huteguliwa na tata hutatuliwa, nazo ni kazi mbili tofauti. Anayetegua hutafuta kwanza mahali palipofichwa kifyatuo, yaani hutafuta nia ya mtu. Anayetatua hutafuta ncha ya uzi, na kitu anachohitaji kuliko vyote ni subira.

Upo mtego mmoja tu ninaoujua ambao mnaswa huuomba. Mmoja husema, “Kitendawili!” na wenzake huitikia, “Tega!” Wanajua wanategwa, wanajua na nani, na wakishindwa hutoa mji wakapewa jibu. Hakuna anayeumia, kwa kuwa hakuna kilichofichwa kuhusu mchezo wenyewe. Hapo naona kwamba uovu wa mtego hauko katika kunasa. Uko katika kumficha mtu kwamba anategwa.

Tuchukue kipimo hiki tukiweke kwenye madeni, mahali ambapo maneno haya hutumika ovyo kila siku. Tanzania watu wameipa mikopo fulani ya mitaani jina la kausha damu. Fedha hutolewa haraka, masharti husomwa juujuu au hayasomwi kabisa, marejesho huanza kudaiwa mapema, na anayechelewa hukopa kwingine ili alipe kwa wa kwanza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wawe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya kidijitali yaliyokuwa yakikopesha bila idhini. Mkopeshaji anayeficha riba yake ametega. Anayemlaumu mkopaji kwa kusema “alisaini mwenyewe” anarudia lile swali la mtazamaji wa dema, kama vile mlango wazi ungekuwa jibu la kila kitu.

Lakini neno hilohilo, mtego wa madeni, limetumika pia kwa reli ya kisasa ya Kenya, iliyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China iliyosainiwa mwaka 2014 na kuanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Hapo nasita. Serikali ya Kenya iliitaka reli hiyo, mkopeshaji alitaka biashara, wanasiasa walitaka sifa, na sehemu za mikataba zilikaa bila kuonyeshwa wananchi hadi Novemba 2022. Siri hiyo ni kosa, tena kosa la kuwauliza viongozi walioapa kuwatumikia watu. Hata hivyo, kumtafuta mtegaji mmoja wa kigeni huwapa nafuu wote walioshika uzi hapa nyumbani. Kwangu mimi hiyo ni tata, na kuiita mtego kunaichelewesha kutatuliwa.

Kuna kitu kimoja kinachousumbua mpaka huu niliouchora. Wavu wa nailoni uliokatika na kupotea baharini huendelea kunasa. Samaki hufa humo, kasa hufa humo, wala hakuna wa kuuvuta. Mwenyewe amekwisha kuusahau. Nia yake imekwisha, kazi ya nia hiyo haijakwisha. Sheria na mila nyingi ziko hivyo pia. Waliozitunga kwa faida yao wamekufa, nasi tunaozikuta tunaziona kama maumbile ya dunia. Mtego umevaa sura ya tata. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Wavu uliopotea huwanasa hata ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotupwa.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wenzangu, kabla ya kuandika “mtego”, muulize ni nani aliyetega, kwa chambo gani, na alificha nini. Mkimpata, mtajeni. Msipompata, andikeni tata, kisha mwonyesheni msomaji ncha ya uzi ilipo.