Taa ya Usiku na Kompyuta Isiyolala

Saa 11 jioni ofisi nyingi za Dar es Salaam hufungwa na mlinzi hutoa kiti chake nje. Ndani, kompyuta za mezani hubaki macho. Skrini zimeshakuwa nyeusi, lakini feni zinavuma na kitaa kidogo cha mbele kinawaka mpaka kunapambazuka. Akiulizwa mwenye meza kwa nini hakuizima, mara nyingi atajibu kwamba kuzimazima kunaichakaza mashine. Mwingine atakiri kwamba hajawahi kulifikiria jambo hilo.

Swali la kuzima au kutozima linaonekana la mafundi. Hata hivyo, wanazuoni walikutana nalo karne nyingi kabla ya umeme: kinachowaka wakati mwenyewe amelala, kiachwe au kizimwe?

Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad aliwaagiza watu wazime taa zao wanapokwenda kulala, na sababu ikatajwa papo hapo: panya anaweza kuuburuta utambi akawaunguzia watu nyumba. Imamu Nawawi, mwanazuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, alipoifafanua hadithi hiyo hakuishia kwenye amri. Alizitazama kandili zinazoning'inizwa misikitini. Ikiwa zinahofiwa kuleta moto, alisema, nazo zizimwe. Ikiwa zi salama, kama ilivyo kawaida, hapana ubaya kuziacha, kwa kuwa sababu haipo. Pwani ya Afrika Mashariki imefuata madhehebu ya Shafii na kuvisoma vitabu vya Nawawi kizazi baada ya kizazi, hivyo fikra hii si ngeni kwa aliyepita chuoni: hukumu huandamana na sababu yake, ikiondoka sababu nayo huondoka.

Kipimo hicho kikiletwa mezani, ile desturi ya kutozima inageuka kuwa hukumu iliyofiwa na sababu yake. Sababu ilikuwepo kweli. Mashine ikiwashwa vyuma vyake hupata moto na kutanuka, ikizimwa hupoa na kunywea, na diski za zamani ziliumia zaidi pale zilipoanza kuzunguka, kichwa cha kusomea kikisugua sahani. Lakini diski nyingi za kompyuta za mezani zilikadiriwa na watengenezaji kuhimili kuanza na kusimama mara 50,000. Anayezima mara mbili kila siku angehitaji zaidi ya miaka 60 kuzimaliza. Diski za SSD za leo hazina hata kinachozunguka.

Sababu ya kuzima, kwa upande wake, ingali hai. Chukua kompyuta inayokula wati 60 ikiwa haina kazi yoyote. Tangu saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi ni saa 15, karibu uniti nzima ya umeme wa LUKU. Ofisi yenye mashine 20 za namna hiyo huteketeza uniti 18 kila usiku kwa ajili ya vyumba vitupu. Sura ya 17 ya Kurani inaukemea ubadhirifu kwa ukali, wala haikuweka kiwango ambacho chini yake ubadhirifu huwa si kitu.

Wayahudi waliliuliza swali hilohilo kutoka mlango mwingine. Torati inaamuru kwamba siku ya Sabato hata ng'ombe na punda wapumzike. Je, na vyombo? Takriban miaka 2,000 iliyopita shule ya mwanazuoni Shammai ilikataza kuitia sufu kwenye pipa la rangi Ijumaa ikiwa haitakolea kabla jua halijatua. Talmudi, kitabu cha mijadala ya sheria za Kiyahudi, inaeleza kwamba kwao chombo nacho kilipaswa kustarehe. Shule ya Hillel iliruhusu: mtu akishaondoa mkono wake, chombo kiendelee. Rai ya Hillel ndiyo iliyoshika. Ndiyo maana leo, ingawa Myahudi anayeishika Sabato hawashi wala hazimi umeme siku hiyo, taa aliyoiwasha Ijumaa hubaki ikiwaka mpaka Jumamosi usiku. Kwake, kuiacha ikiwaka ndiko kupumzika, maana pumziko ni la mkono wa mtu.

Rai hii inastahili kupewa uzito, hasa na wale wanaodhani kwamba kuzima ni uchamungu wakati wote. Kompyuta ya wodini au inayohudumia watu usiku kucha iko kama kandili ya msikitini: ina sababu ya kuwaka. Ya ofisini haina. Na aliyeiacha wazi ili kazi imfikie hata akiwa nyumbani hajauondoa mkono wake hata kidogo.

Shule ya Hillel ilikuwa na haki: chombo hakihitaji pumziko. Kukosea, hata hivyo, kinakosea. Programu iliyokaa muda mrefu bila kuanza upya hurundika makosa madogo madogo, na ndiyo maana fundi yeyote huanza kwa kusema: izime, kisha iwashe. Hata kuzima kwenyewe kumebadilika. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi zikiagizwa kuzima huihifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili ziamke upesi. Anayetaka mwanzo mpya hana budi kuchagua kuwasha upya.

Kosa dogo lililorundikana linaweza hata kuua. Mwezi Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot wa kutungulia makombora ulikuwa umewashwa huko Dhahran, Saudi Arabia, kwa saa 100 mfululizo. Saa ya ndani ya kompyuta yake ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na kila hesabu ilipoteza chembe ndogo mno. Baada ya saa 100 upotevu ulikuwa umefikia theluthi moja ya sekunde. Wiki mbili kabla, Waisraeli walikuwa wameshatahadharisha kwamba mtambo huo hupoteza shabaha ukikaa muda mrefu bila kuzimwa. Kuuwasha upya kulichukua kati ya sekunde 60 na 90. Watumiaji waliandikiwa kwamba muda mrefu sana una madhara, lakini hawakuambiwa mrefu ni saa ngapi. Jioni ya tarehe 25 kombora la Scud lilipofika, mtambo uliangalia mahali pasipo, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa kambini mwao. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26.