Ramani ya Ukutani na Haki ya Mtoto

Je, mwalimu aweza kumdanganya mtoto pasipo kufumbua kinywa? Ndugu wasomaji, swali hili si la mzaha. Aweza, kwa ramani aliyoitundika ukutani mwa darasa.

Katika ramani nyingi za dunia, Greenland, kisiwa cha barafu kilichoko kaskazini, huonekana kuwa kikubwa karibu sawa na Afrika nzima. Kweli yenyewe ni hii: Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 hivi, na Greenland milioni 2 na kidogo tu. Afrika yakishinda kisiwa hicho karibu mara 14. Hata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake yakizidi.

Tusimlaumu mchoraji. Gerardus Mercator alipoitoa ramani ya namna hii mwaka 1569, aliwachorea mabaharia, ili mstari mnyoofu karatasini uwe njia ambayo chombo chaweza kuishika kwa dira bila kubadili mwelekeo. Kwa ajili hiyo ilimpasa kuzipanua nchi kadiri zilivyo mbali na Ikweta: penye latitudo ya digrii 60, urefu huzidishwa mara 2, na eneo mara 4. Ramani hiyo ni njema baharini. Kosa laanza inapoingizwa darasani, naye mwalimu akanyamaza.

Wengine watasema: "Huyu ni mtoto wa darasa la nne, atayajua hayo akikua." La, hasha! Kumrahisishia mtoto ni wajibu, lakini kurahisisha ni kumpa sehemu ya ukweli, wala si kumpa kinyume chake. Mtoto hupima kwa macho kabla ya kujua tarakimu. Akiona kila siku kwamba kwao ni padogo, atasadiki hivyo, ijapokuwa hakuna aliyemwambia.

Dawa yake si ghali. Mwalimu na alete chungwa, achore mabara juu yake kwa kalamu, kisha alimenye na kujaribu kulilaza ganda mezani. Halitalala bila kuchanika. Hapo mtoto ataelewa kwamba hakuna ramani bapa isiyopotosha kitu, na kwamba kila ramani yafaa iulizwe: ilichorwa kwa kazi gani?

Enyi wazazi, chungwa hilo laweza kumenywa hata nyumbani. Na mtoto aliyezoea kuiuliza ramani hivyo, ataliuliza vivyo hivyo na gazeti, hili letu likiwamo. Basi na aulize.